Mkono Uliosema Mapema

Siku hizo mshonaji alikata uzi kwa meno. Mkasi ulimshinda. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilisimama wima kama wageni wanaokataa kuketi. Mezani sare za shule zilimngoja.

"Mke mwenzangu," alisema bibi wa mume wake, "nipe sindano nikusaidie."

"Wewe bibi? Mlango wenyewe unaupapasa, utaona tundu la sindano?"

"Mume wetu nilimwona kabla yako!"

Walicheka. Kicheko hakikufika mbali.

Miezi mitatu nyuma mshonaji alilazwa hospitali kwa homa. Alitundikiwa dripu mkono wa kulia. Mchana mkono ukaanza kuvimba.

"Dada, mkono unawaka moto," alimwambia muuguzi.

"Umesomea uuguzi wewe?"

"Hapana. Lakini mkono ni wangu."

"Basi tulia, dawa iingie."

Alisema tena alasiri. Akasema tena jioni. Dripu ilitolewa kesho yake, mkono umeshakuwa mweusi. Wakampasua. Mkono ulibaki, vidole vikafa ganzi.

Mshonaji alitaka jambo moja tu: mtu wa hospitali amwambie usoni kwamba alisema na hakusikilizwa. Kwa kuwa kwenye faili lake iliandikwa, "Mgonjwa hakulalamika."

Basi wakaandika barua. Mshonaji aliandika kwa mkono wa kushoto, bibi akitaja maneno: "Andika, yule muuguzi ni shetani aliyevaa soksi." Wakaitia kwenye sanduku la maoni pale hospitali. Wiki iliyofuata mshonaji alikwenda kusafishwa kidonda. Muuguzi alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Shetani wa soksi leo ana kazi nyingi. Kaa mwisho wa foleni."

Alikaa mpaka mlango ukafungwa.

Akarudi analia. Jirani yao, karani mstaafu aliyetunza mafaili ya hospitali hiyo, alimsikia.

"Ufunguo wa sanduku anao nani?" aliuliza karani.

"Sijui."

"Anao muuguzi huyohuyo. Kesi ya ngedere mmempelekea nyani! Tena mmeandika matusi. Shetani hana tarehe, mama. Andika siku, saa, ulisema nini, nani alisikia. Baki na nakala."

"Nimpelekee nani sasa?"

"Kamati ya malalamiko. Mwongozo wa afya unataka kila eneo liwe nayo. Wananchi wanachagua wajumbe, na mtaalamu mmoja anatoka hospitali nyingine. Anayelalamikiwa anaitwa kujibu. Haketi kuamua."

"Mbona sisi hatuna?"

"Karatasi ya mwongozo huo niliiona masjala. Mende walikuwa wameshaisoma nusu."

Wakazunguka mtaani kuomba sahihi ili mkutano uitishwe. Wengi walijificha. "Mimi nina mimba, nitajifungulia wapi?" alisema mmoja. Mwingine alisema kalamu yake imekauka, na karani alikuwa na kalamu nne. Walipata sahihi thelathini na moja. Zilitosha.

Mkutanoni mganga mkuu alikunja uso. "Mnataka kutufunga?"

"Hapana, mganga," alijibu karani. "Tunataka mtusikie kabla mtu hajaharibika."

Kamati ya watu watano ikachaguliwa. Sanduku likatiwa kufuli mbili. Ufunguo mmoja alipewa muuza mboga, wa pili dereva mstaafu. Hao wawili hawakuwa wakisalimiana tangu zamani, kwa hiyo hakuna aliyeogopa kwamba wangepanga njama.

Barua mpya ya mshonaji ndiyo ilikuwa ya kwanza. Muuza mkaa, aliyekuja wodini siku ile kumuuguza mama yake, alitoa ushahidi. "Nilimsikia mara tatu," alisema.

Muuguzi aliulizwa.

"Nilimsikia," alisema. "Nilikuwa peke yangu na vitanda arobaini. Na nilichoka kusikia."

"Na faili?" aliuliza mtaalamu mgeni.

"Nililiandika baadaye. Niliogopa."

Mshonaji alidhani atafurahi. Hakufurahi. Alijiona kama mtu aliyerudishiwa mlango wa nyumba iliyokwisha kuungua.

Kamati iliamua. Faili likasahihishwa, na mganga mkuu akamwomba radhi mbele ya watu. Muuguzi alipewa onyo kwa kuandika uongo. Wodi iliongezwa muuguzi wa pili. Tena ikawekwa kanuni: kila zamu dripu ikaguliwe, na mgonjwa akisema inauma, maneno yake yaandikwe papo hapo.

"Kumbe vitanda arobaini vilihitaji vidole vyangu ndipo vihesabiwe," mshonaji alimwambia bibi. Bibi akavishika vile vidole, akaanza kuvikanda.

Baada ya wiki chache mke wa muuza mkaa alilazwa. Alisema mkono unamuuma. Muuguzi yuleyule alikuja mbio, akaichomoa dripu, akaandika. Mama yule alitoka mzima, akapitia kwa mshonaji kushukuru.

"Shoga, bila wewe ningekuwa kilema," alisema. Kisha akauma mdomo, maana neno lilishatoka.

Akanyoosha mkono kuaga. Mshonaji akampa wa kushoto.

"Usione nakudharau," alisema. "Ndio unaoshika."