Bega la Kushoto la Subilaga

Kisomakano, chombo cha kupima umri wa kano, hakikumgusa mtu. Kilining'inia juu ya kiti, kikavuma kidogo, na kabla ya dakika kwisha kikatandaza ukutani nyuzi za ndani ya bega la Subilaga, nene kama kamba za kufungia jukwaa la ujenzi. Tangu zamani kano za bega zilichakaa kimyakimya, mpaka siku mkono unapogoma kupita kichwa. Lakini katika Mbeya hii, ambako mashine zilisimamisha ghorofa arobaini kwa wiki moja, uchakavu ulisomwa molekuli kwa molekuli.

“Bega la kulia,” kilitamka kisomakano. “Umri wa kano, miaka thelathini na minne.”

Subilaga, aliyekuwa na miaka sitini na mmoja, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa fundi lipu wa dari. Mashine zilijenga kila kitu, ila wenye majumba bado walitaka dari iliyopigwa kwa mkono, na kikosi chake kilikuwa na kazi ya kutosha mwaka mzima.

“Bega la kushoto. Umri wa kano, miaka tisini na miwili. Kano imekatika robo tatu.”

Kicheko kikakatika. Subilaga akamgeukia mdogo wake, Daktari Atupele, mgunduzi wa tiba ya kurudishia kano ujana, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akimchoma sindano mabega yote mawili kila mwezi.

“Atu, hiki chombo chako kimeharibika?”

“Hakijaharibika, dada.” Atupele alikuwa anatazama ukuta. “Nyuzi hizo ni kolajeni, protini inayoipa kano nguvu. Kuna seli zinazozitunza. Zikizeeka, baadhi yake hazifi. Zinakaa tu, zinamwaga vimeng'enya vinavyotafuna nyuzi.”

“Hayo ulishanieleza. Ukasema vifagizi vyako vitaingia na sindano, vitazifagia hizo seli.”

“Vimezifagia. Kulia.”

“Na kushoto?”

“Kushoto nilikuwa nakuchoma maji ya chumvi.”

Subilaga hakuelewa, au alielewa akakataa kuamini. Kikosi chake cha mafundi kilikuwa na desturi yake: ikifika saa sita mchana, kila fundi hubadili mkono. Mwiko unahamia kushoto, ubao wa lipu unahamia kulia, hivyo hivyo mpaka jioni, ili mtu asizeeke upande mmoja. Mafundi wengine waliwacheka, wao wakaringa. Atupele aliijua desturi hiyo tangu utotoni, alipokuwa akiwapelekea chakula kazini.

“Mabega mawili, mwili mmoja, kazi sawasawa,” alisema daktari kwa sauti ndogo. “Sikupata ulinganisho kama huo popote. Bila bega la kushoto, nani angeamini la kulia?”

“Mbona halikuniuma?”

“Vile vibandiko nilivyokuwa nakubandika baada ya kila sindano. Vilizima maumivu pande zote mbili, usije ukajua lipi ni lipi.”

Hapo ndipo moyo ulipomchoma. Miaka mitatu alikuwa akilisifia bega hilo kwa wenzake. Alikuwa akiwapokea dari ngumu, anawaambia wapumzike, yeye mdogo wake kamrudishia ujana. Kumbe alikuwa analichana mwenyewe, uzi kwa uzi, huku anatoa shukrani. Alijiona mjinga, na aliyemfanya mjinga ni mtoto aliyelelewa mgongoni mwake.

“Basi nichome dawa sasa.”

“Nyuma ya kano, msuli umeshageuka mafuta. Dawa haina cha kushika. Nilipanga kusimamisha jaribio mwaka jana, dada, lakini tulikuwa karibu mno...” Atupele akaanza kulia. “Malaki ya watu watapona kwa ajili yako.”

“Ungeniambia.”

“Ungekataa.”

“Ningekubali, Atu.” Subilaga alisema polepole, kama mtu anayetafuta neno lililo rahisi. “Ungekuja nyumbani, ukakaa, ukaniambia dada nataka bega lako moja. Ningekupa. Ningekuuliza tu unataka lipi.”

Atupele aliichukua blauzi ya dada yake kwenye kiti, akaikunjua na kumshikia mkono wa kushoto wazi ili auingize.

Subilaga aliitazama ile blauzi. Kisha akainuka, akaegemea mlangoni, akamwita nesi asiyemfahamu hata jina, akamwomba aje amvalishe.