Ujumbe Usio na Mwenyewe

Ilianza na harufu ya udi. Chumba cha seva hakina hata dirisha, na hakuna mwenye akili timamu angefukiza udi mle, lakini fundi aliisikia kila mara kiini cha mfumo, programu inayoendesha mitambo yote, kilipoandika ujumbe uleule: "Kifaa kimeunganishwa." Na hakuna aliyegusa waya.

Fundi akamshuku shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi pale. Mkuu wao alishasema kuna mtu anachezea mitambo, akibainika aondoke. Fundi ana kichanga nyumbani, kazi ikiota mbawa kitakula nini? Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea, akatega mtego wake. Kila ujumbe wa kiini ukaanza kubeba lebo: umetumwa na nani, na yuko wapi. Na ujumbe usio na mwenyewe? Hapo uvivu ukamponza. Aliuelekeza uchukue lebo ya mtu aliyeingia mwisho kwenye mtambo, na aliyeingia mwisho alikuwa yeye.

Shemeji alipoyaona hayo akasogea, akanong'ona, "Shemeji, usikipe jina lako kitu usichokijua."

Fundi akaona hayo ni maneno ya mtu aliyebanwa. Akamtuma nje akanunue nyaya, akakaa peke yake kuvizia.

Mchana uleule feni za seva zikanyamaza moja baada ya nyingine, harufu ya udi ikajaa chumbani, na kwenye kioo cha kompyuta ujumbe ukaanza kushuka wenye lebo yake yeye, mtumaji fundi, mahali chumba cha seva, kisha mtumaji fundi, mahali ngazi, kisha lango, kisha barabarani, naye bado ameganda kitini, jasho linamtiririka, mpaka ukashuka mmoja wa mwisho: mtumaji fundi, mahali nyumbani.

Uoga ukamwingia hadi kwenye mifupa. Akampigia mkewe.

"Mama mtoto, mchukue mtoto utoke. Sasa hivi."

Mkewe akasema kwa sauti ya chini, "Namba hii haina jina kwenye simu yangu. Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mumeo."

"Mume wangu ameshaingia," akasema. "Amempakata mwanawe."