Uongo Kando ya Maji Moto

Bosi alipotamka neno "babu", kipimajoto kilipanda nyuzi mbili. Mhudumu wa bwawa alidhani macho yamemdanganya. Tangu aajiriwe, maji ya chemchemi ile yalikuwa thelathini na nane asubuhi, thelathini na nane jioni.

"Babu yangu ndiye aliyeyagundua maji haya," bosi aliwaambia wageni kwenye kipaza sauti. "Hapa palikuwa pori tupu."

Arobaini na tatu.

Pori tupu! Mtu mzima hovyo! Wafanyakazi wote walijua kwamba bibi yake mhudumu, mkunga, aliwakanda hapo wanawake waliotoka kujifungua, bure kabisa, mpaka babu wa bosi alipokuja na seng'enge na kufukuza watu kama kuku. Mhudumu alijua, na kila siku alinyamaza, maana kazi ni kazi. Lakini leo mama yake, mwenye magoti mabovu, alikuwa ndani ya bwawa. Alimwingiza mwenyewe kwa mlango wa nyuma.

"Mama, toka. Maji yanachemka," alinong'ona.

"Siwezi, mwanangu. Kuna mtu kanishika miguu."

Hapakuwa na mtu karibu naye.

Harufu ya kiberiti ikageuka kuwa ya nywele zinazoungua, wageni wakaruka nje wakipiga mayowe, na bosi, asiye na haya, akacheka akisema hata maji yanamshangilia babu, na kwa kila uongo alioongeza maji yakazidi kutokota, mama akazama hadi kidevuni, na mhudumu, akiwa ameing'ang'ania mikono ya mama inayoteleza, akapandwa na hasira ya miaka yote mpaka hofu ikamtoka.

"Muongo!" alifoka. "Chemchemi ni ya bibi yangu! Mliipora! Nifukuze ukitaka!"

Maji yakatulia papo hapo. Mama akasimama, akapanda ngazi bila kuchechemea, na mwilini hakuwa na hata tone la maji. Akampokonya bosi kipaza sauti.

"Si ya babu yako," alisema, kwa sauti nzito isiyokuwa yake. Kisha akamgeukia mhudumu. "Wala si ya bibi yako. Yeye alikuwa mgeni wangu tu, ila alikuwa na adabu."

Mhudumu alimnyooshea mkono. "Mama, tafadhali, twende nyumbani."

"Mama yako?" Kidole kikaelekea majini. "Yuko chini kule. Ananishikia nafasi."