Pini Iliyovushwa Kimyakimya

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo na kufagia nyumba, Muhonja alivaa ovaroli kuukuu ya baba yake, akaikunja miguuni mara tatu, akaenda gereji. Gereji yenyewe ilikuwa uwanja mdogo tu katika mtaa wa Baba Dogo, lakini wenye magari ya zamani walimtafuta baba yake, Fundi Mulongo, hadi wakampata. Wengine walishangaa kumwona akifanya kazi na msichana wa gredi ya saba. "Mshangae tu," aliwaambia. "Hakuna kijana niliyewahi kumwajiri anayeosha chuma kikatakata kama huyu."

Jumamosi hiyo palikuwa na pikapu mbili za aina moja, zote kongwe kuliko Fundi Mulongo mwenyewe. Ya kijani ilikuwa ya Mzee Ooko, aliyesambaza mboga mitaani. Gia yake ya pili ilikuwa imelika meno. Nyeupe ilikuwa imekufa zamani, imekaa juu ya mawe, ikitolewa kipuri kimoja kimoja. Baba alifungua giaboksi zote mbili ili atoe gia nzima kwenye nyeupe aitie kwenye ya kijani.

Sasa, Fundi Mulongo alikuwa na sheria zake, na ole wako uzivunje. Kila gari lilikuwa na katoni yake chini, na vipuri vilipangwa juu yake kwa mfuatano wa jinsi vilivyotolewa. Kipuri hakikutoka katoni hii kwenda ile kimyakimya. Anayekihamisha alipaza sauti, "Navusha!" Mwenzake alitazama ni kipuri gani, kisha akaitikia, "Vusha!" Wapita njia waliwacheka sana, lakini Baba hakujali.

"Unaona haka?" Baba alimwonyesha Muhonja pini ya chuma, ndogo kama punje ya hindi. "Haka kanazuia gia mbili zisiingie mara moja. Zikiingia zote mbili, magurudumu ya nyuma yanakwama papo hapo. Hebu fikiria gari likiwa mteremkoni."

Muhonja akatia vipuri vya kijani kwenye karai la mafuta taa, akaanza kuvisugua. Alikuwa karibu kumaliza Winny alipochungulia langoni. Winny alikuwa mjukuu wa Mzee Ooko, na dawati lao shuleni lilikuwa moja.

"Niaje, Muhonja! Kuja tucheze kati, tumepungukiwa na mtu mmoja!"

Haraka! Muhonja aliinua vipuri kwa viganja vyote viwili badala ya kutoa kimoja kimoja. Pini ikaponyoka, ikagonga ukingo wa karai, ikaruka na kutumbukia kwenye mtaro wa maji machafu kando ya uzio. Alichutama akatazama. Matope meusi tii.

Baba alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Muhonja akaitazama katoni ya gari jeupe, na pale palikuwa na pini nyingine, ndugu yake kabisa. Zote si pini tu? Nani atajua? Aliiokota, akaiweka kwenye katoni ya kijani, mdomo kaufunga. Kisha akaenda kucheza kati, lakini alipigwa mpira mara ya kwanza tu akatoka, maana mawazo hayakuwa pale.

Saa tisa kazi ilikwisha. Baba aliizungusha pikapu uwanjani mara mbili, gia zikaingia vizuri. "Imepona, Mzee!" alisema. Mzee Ooko alicheka kwa furaha, akampandisha Winny kiti cha mbele. Walikuwa wanaenda kuchukua mboga ng'ambo ya mto, na kufika huko lazima uteremke ule mteremko mkali unaoishia darajani.

Muhonja alikuwa anakunja katoni. Winny akampungia mkono dirishani. Akisema, Baba atamwaibisha mbele ya watu, pengine asimruhusu tena kushika spana. Asiposema, je? Pikapu ilikuwa inatoka langoni.

"Baba!" Sauti ilimtoka ikiwa kali hata yeye akashtuka. "Baba, nilivusha! Nilivusha pini!"

Baba aligeuka. Hakuuliza pini gani. Alitupa kitambaa chini akakimbia, na Muhonja nyuma yake, ovaroli ikimfunguka miguuni. "Simama! Mzee, simama!" Pikapu ilizidi kwenda. Mteremko ulikuwa umebaki hatua hamsini hivi. Muhonja alikuwa analia huku akikimbia, akiita jina la Winny. Ndipo mwenye mkokoteni wa mitungi ya maji akakatiza barabara bila kutazama, Mzee Ooko akapunguza mwendo akimfokea, na Baba akafika dirishani.

"Zima gari, Mzee. Usiguse gia kabisa."

"Kuna nini tena, Fundi?"

"Zima kwanza. Nitakueleza."

Waliisukuma hadi gereji kwa mikono. Baba akafungua kifuniko cha giaboksi kutoka ndani ya gari, akatoa ile pini, akaipima. Ilipungua unene wa ukucha tu kwa kipimo cha giaboksi ya kijani. "Za miaka tofauti," alisema polepole. "Ingeziachia gia mbili ziingie." Mzee Ooko alimtazama mjukuu wake, akaketi juu ya tairi.

Muhonja alieleza yote, tangu karai hadi mtaro. Baba hakumpigia kelele. Alimpa sumaku ya spika iliyoharibika, imefungwa uzi. "Nenda ukaitafute."

Alivua kwenye matope kwa saa nzima, Winny akimshikia ndoo na kuziba pua. Vilitoka misumari, vizibo, hata kijiko. Mwishowe ikatoka ile pini. Aliiosha mara tatu, Baba akaitia mahali pake kwenye giaboksi.

"Sikiliza, Muhonja," Baba alisema. "Kuangusha pini ni jambo la kawaida. Mimi nimeangusha nyingi, na nitaangusha nyingine. Kosa lako ni ule ukimya. Kosa likisemwa mapema, tunalitengeneza kwa spana. Likifichwa, linapanda gari pamoja na watu. Umechelewa kusema, lakini umesema, na ndiyo maana Winny yuko hapa."

"Nisamehe, Baba. Nisamehe, Mzee."

Mzee Ooko alipangusa macho kwa kofia yake. "Mimi gari langu nitalileta hapa hapa," alisema. "Fundi anayesema kosa lake simwachi."

Ilibaki pini ya gari jeupe kurudi kwao. Muhonja aliichukua kutoka katoni ya kijani, akaiinua juu wote waione.

"Navusha!"

"Vusha!" wakaitikia Baba, Mzee Ooko na Winny.