Kekee Iliyokataa Kuzunguka

Hapa kwetu Estonia, theluji ikianza kuyeyuka, kila mwenye mti wa mbetula, ule wenye gome jeupe, huutoboa na kukinga maji yake. Ni maji matamu kidogo, na huja kwa muda mfupi tu. Baba alitoboa kwa kekee ya mkono, ile yenye gurudumu la meno na mpini wa kuzungusha. Sisi watoto tulimzunguka na vikombe. Ah, siku zile! Maji yalikuwa baridi hadi fizi zinauma, na hakuna aliyekubali kuacha kunywa.

Baba alishafariki. Mwaka huu Mama alitaka kutoboa mwenyewe. Akaitoa kekee ukutani, akaushika mpini. Haukusogea. Akakaza mikono mpaka uso ukawa mwekundu. Wapi!

"Mama, achana nayo," alisema kaka yangu Urmas. "Imekufa hiyo. Naipeleka kwenye vyuma chakavu leo, halafu nakuletea drili ya umeme."

"Kapeleke gari lako kwenye vyuma chakavu!" Mama alijibu. "Hii huigusi."

Lakini aliogopa kwamba Urmas anasema kweli.

Nikamwita jirani yetu, Mwalimu Helju, aliyetufundisha kazi za mikono shuleni. Akavaa miwani, akaigeuza kekee, akainusa. Ndiyo, aliinusa!

"Asta, umeipaka nini?" Helju alimuuliza Mama.

"Mafuta ya kitani. Kila mwaka, tangu mzee aondoke. Naipaka yote, vizuri kabisa."

Helju alicheka mpaka akakaa chini. "Shoga yangu! Mafuta ya kitani ni ya mbao. Yakikaa hukauka, yakawa magumu kama gundi. Kekee haina ubovu wowote. Umeigandisha kwa mapenzi."

Mama naye akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Tulifungua madirisha na kuhakikisha jiko halina moto. Helju akapaka mafuta ya taa kwenye meno ya gurudumu.

"Yaache yalainishe uchafu," alisema. "Usikwangue kwa kisu, utaharibu meno."

Tukanywa supu ya kabichi huku tukingoja. Kisha Mama akasugua kwa mswaki wa zamani, na utando wa kahawia ukaanza kutoka. Kutu tuliiondoa kwa waya laini wa kusugulia. Helju akafungua kichwa kinachobana ncha ya kutobolea, akakigonga mezani. Unga wa mbao ukamwagika.

Mama aliutazama. "Huu ni wa mzee," alisema polepole.

Nilimkumbuka Baba akizungusha mpini.

"Utunze ukitaka," Helju alimwambia, "ila usiurudishe humu ndani! Haya, ifute ikauke kabisa. Sasa mafuta ya cherehani. Tone moja kila mahali panapozunguka, na kidogo kwenye meno. Yanayozidi yafute, la sivyo yatashika vumbi."

"Na mafuta yangu ya kitani?"

"Mpini wa mbao tu, tena kiasi. Na tambara lake usilikunje ukalitupa, huweza kushika moto lenyewe. Litandaze nje likauke, au liloweke kwenye maji."

Mama akazungusha. Kekee ikaenda! Akatoka nayo hadi kwenye mti, akatoboa, na maji yakaanza kutiririka. Akalia, akacheka, kisha akamgeukia Urmas.

"Umesimama tu kama nguzo! Ndoo iko wapi?"

Siku hizi anaitumia kwa kila kitu: rafu, ndoano za makoti, vibanda vya ndege. Akimaliza huifuta, na ikianza kuwa nzito huitia tone la mafuta. Majuzi Urmas alikuja kuiazima.

"Lete mbao zako utobolee hapa," Mama alimwambia. "Kekee yangu siiazimishi."

Yangu, alisema, wakati sote tuliijua kama kekee ya Baba. Mimi na Urmas tulitazamana, na hakuna aliyemsahihisha.