Mume wa Seva Tatu

Saa moja asubuhi fundi mkuu alikutwa kifudifudi katikati ya seva tatu zilizobeba tovuti ya kuuza tiketi, kichwa kimepasuliwa kwa nondo, damu imeruka hadi darini. Seva ya tatu nayo ilikuwa imepondwapondwa. Mlinzi aliyemkuta alitoka ametapakaa damu, watu wakamrukia. Jamani, hata kuulizwa hakuulizwa! Inspekta alipofika, mjane wa fundi alikuwa ameshamtoboa mlinzi jicho kwa jiwe, na umati langoni ulikuwa na petroli.

"Nilimpakata nione kama anapumua, mama," mlinzi alilia.

Inspekta, mwanamke asiyependa porojo, akamfungia kwenye gari la polisi, akaingia ndani. Akamkuta msaidizi wa fundi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, afande. Nilifungua tovuti kwa simu, nikaona Bi Mdogo kafa, nikaja mbio."

"Bi Mdogo ndiye nani?"

"Seva ya tatu. Tunaziita wake wenza. Ruta, kisanduku kile pale, ndiye mume: anawagawia wageni wa tovuti kwa zamu, asielemewe yeyote."

"Mmoja akiugua?"

"Mume anampita. Wageni wanakwenda kwa wawili waliobaki."

"Na wewe nyumbani una mlango wa pekee wa kuziona seva?"

"Sina. Fundi alininyang'anya. Naingia kama mgeni yeyote."

"Mgeni anajua mke gani kafa?"

"Wapi! Kwake tovuti ni ileile tu..."

Inspekta akafungua tovuti kwa simu yake. Ikafunguka vizuri kabisa.

"Mimi huku naona nyumba nzima. Wewe maiti uliionea wapi?"

Msaidizi akanyakua bisibisi, akamrukia. Inspekta akaudaka mkono, akaukunja hadi mfupa ukalia, akambana uso sakafuni.

"Kugawa wageni ilikuwa kazi yangu!" alipiga kelele. "Nilizigawia seva hizi kwa mikono yangu, miaka! Fundi akaleta hicho kisanduku, akaniambia nikatafute kwingine. Na akacheka, afande. Alicheka!"

Alipotolewa na pingu, umati ulinywea, wenye petroli wakaanza kuangalia pembeni. Mjane akaenda hadi kwenye gari, akapiga magoti chini ya mlango.

"Kaka, nipige na mimi. Nipige, nakuomba."

Mlinzi akageuza shingo yote ili amwone kwa jicho lililobaki.

"Pole kwa msiba, shemeji," akasema. "Ila usiniguse."