Ada ya Kuingia Si Gharama Yote

Baba alipokuwa hai, kila Jumamosi nyumba yetu ilinukia moshi na limau. Alikuwa akichoma nyama ya kuuza mbele ya gereji iliyo jirani na kwetu, nasi tulimenya vitunguu saumu huku tukimcheka, maana alikuwa akiyagombeza makaa kama watoto. Siku zile zilikuwa tamu, na bado nazililia.

Baba alipofariki, jiko lilipoa. Miaka miwili baadaye, kaka yangu alileta mkataba.

"Mama, ile kampuni kubwa ya nyama choma inatafuta watu wa kufungua matawi. Ukilipa ada ya kuingia, unatumia jina lao. Akiba ya Baba inatosha kabisa!"

"Na nyama nitaipaka viungo vya baba yenu?" Mama aliuliza.

"Sasa je!"

Kaka na pupa yake! Mama alikwishashika kalamu nilipomkimbilia jirani yetu, tuliyemwita Meneja kwa sababu aliwahi kusimamia tawi la namna hiyo. Alikuja, akavaa miwani, akasoma kila ukurasa.

"Shemeji, weka kalamu chini. Ada hii ni ya kufunguliwa mlango tu. Bado kodi ya pango, majiko yao, bomba la moshi, leseni, vyeti vya afya, bima na mafunzo. Halafu kila mwezi wanachukua sehemu ya mauzo, upate faida usipate. Na uwe na fedha za kuendeshea miezi sita."

"Mbona hawakuniambia?" kaka alilalamika.

"Yameandikwa hapa. Ulisoma?"

Kaka alikuna kichwa.

"Tena viungo ni vyao tu. Hata mkataba ukiisha, kwa miaka mitano hamruhusiwi kuuza nyama yenu mtaa huu."

Mama alirudisha karatasi. "Nimzike mume wangu mara ya pili? Sitaki."

"Wapo waliofanikiwa," Meneja alisema. "Ila kwanza waulize wenye matawi, piga hesabu yote, na mwanasheria asome. Haraka haraka haina baraka."

Tulianza kwa jina letu, kidogo kidogo: leseni, vyeti vya afya, sinki, bomba la moshi. Nusu ya akiba ilibaki.

Jumamosi ya kwanza, nyama iliisha kabla ya saa nane mchana. Kipande cha mwisho alikipata fundi wa gereji, mteja wa Baba wa miaka mingi. Alitafuna, akachungulia jikoni.

"Nani amechoma hii?"

"Mimi," Mama alisema.

"Nilidhani sitaionja tena."

Mama alilia mbele ya wateja wote, wala hakujificha.